Jinsi ya Kufungia Ziduo la Chai ya Zambarau ndani ya Nyuzi za Nano Zinazoliwa

Majani ya chai ya zambarau, aina ya TRFK 306 ambayo watafiti wa chai wa Kericho waliitoa kwa wakulima mwaka 2011, yana anthosianini pamoja na katekini zilizomo katika chai ya kijani. Zote ni polifenoli, yaani kemikali za mimea zinazoweza kuzima radikali huru (molekuli zisizotulia) zinazochachisha mafuta ya chakula na kudhuru seli, na ndiyo maana huitwa antioksidanti. Sifa inayozifanya ziwe na manufaa ndiyo inayozifanya zisidumu. Kwa kuwa hutoa elektroni kwa wepesi, huharibiwa na hewa, mwanga, joto na hata majimaji ya utumbo mwembamba, ambayo pH yake inakaribia 7. Njia mojawapo ya kuzilinda ni kuzifungia ndani ya nyuzi nyembamba mno za protini inayoliwa, zinazosokotwa kwa nguvu ya umeme bila kupitishwa katika hewa ya nyuzi joto 150 au zaidi, kama inavyofanyika katika mashine za kukausha kwa kunyunyizia.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa sayansi ya chakula au kemia, na pia kwa maabara ndogo ya Nairobi ambayo tayari ina mizani sahihi, kabati la kuvuta mvuke na spektrofotomita (kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa na myeyusho). Nitaeleza kila hatua, lakini nitakaa zaidi katika mambo mawili ambayo kwa maoni yangu hupuuzwa: utayarishaji wa myeyusho kabla umeme haujawashwa, na vipimo vya ulinganisho baada ya nyuzi kupatikana. Picha ya hadubini inayoonyesha nyuzi laini zilizonyooka huthibitisha kwamba umesokota vizuri. Haithibitishi hata kidogo kwamba ziduo, yaani kemikali zilizotolewa kwenye majani, limelindwa.

Jambo moja la istilahi liwekwe wazi mapema. Nyuzi za zeini, protini ya mahindi tutakayoitumia, mara nyingi huwa na kipenyo cha nanomita 200 hadi 700, ilhali sheria za Umoja wa Ulaya huhesabu kitu kuwa cha nano pale ambapo angalau kipimo chake kimoja ni nanomita 100 au chini ya hapo. Waandishi wengi huziita nyuzi za nano hata hivyo, nami nafuata mazoea hayo, ila katika ripoti yako andika kipenyo halisi ulichopima.

Vifaa, na usalama wa anayevitumia

Unahitaji chanzo cha umeme kinachotoa kilovolti 0 hadi 30 na kinachozuia mkondo usizidi miliampia 1, pampu ya sirinji, sirinji ya mililita 5 au 10, sindano butu ya chuma ya geji 21 ambayo tundu lake ni takriban nusu milimita, na bamba la chuma lililofunikwa kwa foili ya alumini. Vyote hivi vikae ndani ya kisanduku cha akriliki ambacho mlango wake una swichi inayokata umeme mara unapofunguliwa.

Kuna michoro mingi inayoonyesha jinsi ya kuunda chanzo cha umeme huo kutokana na transfoma ya televisheni kuukuu. Usiifuate. Chanzo cha namna hiyo hakina kinga ya mkondo, na kapasita zake hubaki na chaji baada ya swichi kuzimwa. Hata kwa kifaa cha kiwandani, kila unapozima subiri kidogo, kisha gusa sindano kwa fimbo ndefu ya plastiki yenye ncha ya chuma iliyounganishwa na ardhi kabla ya kuingiza mkono. Bamba la kupokelea nalo liunganishwe na ardhi, na hapa pana jambo la kuangaliwa kwa makini katika majengo yetu: tundu la tatu kwenye soketi ya ukutani si ushahidi kwamba waya wa ardhi upo. Mwite fundi wa umeme mwenye leseni aupime kwa mita kabla hujaanza.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, pampu husimama na myeyusho hukauka ndani ya sindano. Betri ya akiba ya kompyuta inatosha kuendesha pampu na chanzo kwa muda wa kumaliza au kuzima kwa utaratibu. Muhimu zaidi ni kuhakikisha kwamba umeme unaporudi, kilovolti hazirudi zenyewe. Kifaa kikubali kuwashwa upya kwa mkono tu.

Kuhusu ethanoli, nunua ya asilimia 96 ya kiwango cha chakula, isiyochanganywa na kitu. Spiriti ya hospitali na spiriti ya kuchoma hutiwa methanoli au kemikali nyingine ili isinyweke, na hakuna namna ya kukausha nyuzi itakayoifanya iwe salama kwa chakula. Mvuke wa ethanoli hushika moto hata katika joto la kawaida la chumba, kwa hiyo chupa ikae nje ya kisanduku, mbali na cheche.

Kutayarisha ziduo

Chagua majani ambayo yalipitishwa kwenye mvuke mara baada ya kuchumwa na hayakuachwa yachache, kwa sababu wakati wa kuchacha vimeng'enya vya jani lenyewe hugeuza katekini kuwa kemikali nyingine, na anthosianini hupungua. Majani meusi yanayouzwa dukani kwa chai ya maziwa hayafai kwa kazi hii. Asiyepata chai ya zambarau anaweza kutumia maua makavu ya rosela kutoka maduka ya viungo na kufuata hatua zilezile, ingawa atapata anthosianini bila katekini nyingi kama za chai.

Saga gramu 10 za majani makavu, pitisha unga kwenye chekecheo la nusu milimita, kisha uweke kwenye chupa iliyozungushiwa foili ili mwanga usiingie. Mimina mililita 200 za ethanoli ya asilimia 70 iliyotiwa asidi ya sitriki kidogo hadi pH ifike karibu 3, kwa kuwa anthosianini hudumu zaidi katika ukali. Koroga kwa kikorogeo cha sumaku kwa saa moja, joto lisizidi nyuzi 40. Chuja kwa karatasi ya Whatman namba 1, rudia na kiyeyushi kipya, na uchanganye machujo yote mawili. Ondoa ethanoli kwa mashine ya kuvukiza chini ya ombwe katika nyuzi 40, halafu kausha kwa kugandisha. Unga unaopatikana hunyonya unyevu haraka sana. Uweke kwenye chupa ya kahawia pamoja na silika jeli, katika friza ya nyuzi 20 chini ya sufuri.

Kabla ya kuendelea, pima ulichonacho. Jumla ya polifenoli hupimwa kwa kitendanishi cha Folin-Ciocalteu pamoja na sodiamu kaboneti, ukisoma ufyonzaji wa mwanga katika nanomita 765 na kulinganisha na mchoro wa usomaji wa asidi galiki ya viwango vinavyojulikana. Anthosianini hupimwa kwa kutofautisha usomaji wa nanomita 520 na 700 katika pH 1.0 na pH 4.5. Uwezo wa kuzima radikali huru hupimwa kwa DPPH katika nanomita 517, ambapo rangi ya zambarau ya kitendanishi hufifia kadiri antioksidanti zinavyofanya kazi. Kumbuka kwamba asidi ya sitriki uliyoongeza imebaki ndani ya unga na inahesabika katika uzito wake. Ndiyo maana hesabu zote zinazofuata hufanywa kwa miligramu za polifenoli wala si kwa miligramu za unga.

Myeyusho ndio unaoamua

Zeini ni protini ya mahindi ambayo haiyeyuki katika maji wala katika ethanoli tupu, bali katika mchanganyiko wa vyote viwili. Inaliwa, haina gluteni, na nchini Marekani mamlaka ya chakula na dawa inaitambua kuwa salama kwa matumizi ya chakula. Zipo polima nyingine, kama jelatini na pululani, lakini hizo huyeyuka mara tu zinapokutana na maji ya uvuguvugu, na kwa lengo letu la kufikisha ziduo hadi utumboni nadhani zeini ni chaguo bora la kuanzia.

Kwanza tengeneza ethanoli ya asilimia 80: chukua mililita 83.3 za ethanoli ya asilimia 96, ongeza maji yaliyotoneshwa hadi mililita 100. Kwa kila mililita 10 za kiyeyushi hiki utatumia gramu 3 za zeini. Anza na ziduo, usianze na zeini. Yeyusha ziduo katika kiyeyushi, zungusha katika sentrifuji ili vipande visivyoyeyuka vitue chini, mimina sehemu safi kwenye bika, na ndipo uongeze zeini kidogo kidogo huku ukikoroga. Ukimwaga zeini yote kwa mpigo, itajikusanya kuwa donge linalonata ambalo halitayeyuka hata ukoroge mchana kutwa. Funika bika, koroga kwa saa mbili katika nyuzi joto 22 hadi 25, kisha uache utulie kwa nusu saa ili mapovu yatoke. Myeyusho uliokamilika hutiririka kutoka kwenye kijiti taratibu, bila kukatika, kama asali nyembamba, na ukiuangalia kwenye mwanga hauonyeshi chembe yoyote. Katika baridi ya Julai, maabara isiyo na kipasha joto hushuka chini ya nyuzi 18 asubuhi, na mnato hupanda kiasi cha kubadilisha kila kitu kitakachofuata. Weka bika kwenye bafu la maji.

Kiasi cha ziduo kinahitaji subira. Polifenoli hushikamana na protini, na zeini, yenye prolini nyingi, hushikwa kwa nguvu. Mshikamano huo ndio unaolifungia ziduo ndani ya uzi, lakini ukizidi, protini hujitenga na myeyusho na kutua chini kama matope. Tayarisha myeyusho minne: usio na ziduo kabisa, na mingine yenye ziduo la asilimia 2.5, 5 na 10 ya uzito wa zeini. Usiruke ule usio na ziduo hata kama unaona ni upotevu wa zeini. Bila utando wake, yaani tandiko la nyuzi zitakazosokotwa kutoka humo, hutaweza kufanya hesabu yoyote ya kuaminika baadaye, na sababu yake nitaieleza katika sehemu ya vipimo.

Kusokota, na hewa ya Nairobi

Jaza sirinji bila kuacha pengo la hewa, funga sindano, weka ncha yake sentimita 13 kutoka kwenye bamba, na uweke pampu isukume nusu mililita kwa saa. Tone likionekana kwenye ncha, washa umeme katika kilovolti 10 na upandishe kilovolti moja moja. Chaji inapoongezeka, tone huvutwa na kuwa pia, yaani koni, iliyochongoka, ambayo huitwa pia ya Taylor kwa jina la Geoffrey Taylor, mwanafizikia Mwingereza aliyeieleza kihisabati mwaka 1964. Kutoka kwenye kilele chake huchomoka mchirizi ambao husafiri moja kwa moja kwa muda mfupi, kisha huanza kuzunguka na kujipiga-piga kwa kasi kubwa huku ukinyooka, ethanoli ikivukizwa na uzi mkavu ukitua kwenye foili. Weka taa upande mmoja wa kisanduku na kitambaa cheusi nyuma yake. Mchirizi utauona kwa macho, na utaona kama umetulia au unarukaruka.

Takwimu za kilovolti zinazochapishwa na maabara za Ulaya au Asia zisinakiliwe kama zilivyo. Jiji letu liko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,700, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 18. Hewa nyepesi huvunjika kwa volti ndogo zaidi, kwa hiyo mng'ao wa buluu na mlio wa kufoka kwenye ncha ya sindano huweza kuanza mapema kuliko maandishi yanavyoonya. Ukiusikia mlio huo, shusha kilovolti au ongeza umbali. Mara nyingi kazi hutulia kati ya kilovolti 12 na 16.

Hewa hiyohiyo huharakisha uvukizaji. Ethanoli huondoka kwenye tone kabla mchirizi haujachomoka, zeini hukauka na kufanya utando mgumu kwenye ncha, na sindano huziba. Hili ndilo tatizo litakalokusumbua zaidi, hasa Januari na Februari wakati hewa ni kavu. Zima umeme, toa chaji kwa fimbo, pangusa ncha kwa karatasi laini iliyochovywa kwenye ethanoli ya asilimia 80, kisha endelea. Kama unapangusa kila baada ya dakika chache, tengeneza upya myeyusho kwa ethanoli ya asilimia 75, au ongeza mwendo wa pampu hadi mililita 0.7 kwa saa.

Wakati wa mvua, kuanzia Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, shida hugeuka upande wa pili: hewa imejaa mvuke, uzi hautakauka njiani, na unapotua hulala bapa kama utepe au huungana na wenzake. Weka kipima unyevu ndani ya kisanduku na ulenge asilimia 35 hadi 50. Trei za silika jeli zilizokaushwa ovenini usiku uliotangulia husaidia sana, na kazi ifanywe kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi alasiri, kwa maana asubuhi za Nairobi zina unyevu mwingi kuliko alasiri zake.

Ukiona shanga kwenye nyuzi chini ya hadubini, yaani vivimbe vilivyopangika katika uzi mmoja, tatizo kwa kawaida ni myeyusho mwepesi mno. Ongeza zeini kabla ya kugusa swichi ya umeme. Ukiona matone yamerushwa kwenye foili, pampu inasukuma zaidi ya kiasi ambacho umeme unaweza kuvuta. Utando unapokuwa mnene huzuia chaji kupita, nao mchirizi huanza kutafuta njia ya pembeni, kwa hiyo badilisha foili kila baada ya saa mbili au tatu.

Ni vema kujua mapema utapata kiasi gani. Nusu mililita ya myeyusho wenye gramu 0.3 za zeini kwa mililita hutoa takriban gramu 0.15 za utando kwa saa, yaani gramu 1.2 kwa siku nzima ya kazi ya saa nane. Sindano moja inatosha kwa utafiti, haitoshi kwa biashara, na anayefikiria kuuza bidhaa aanze mapema kuulizia mashine zenye sindano nyingi au silinda inayozunguka.

Kukausha na kuangalia

Bandua utando, uweke kwenye chombo cha ombwe kwa saa 24 gizani ili mabaki ya ethanoli yatoke, kisha pima uzito. Kipande kidogo kifunikwe kwa dhahabu na kupigwa picha kwa hadubini ya elektroni. Pima vipenyo vya nyuzi 100 kwa programu ya ImageJ, ambayo hupatikana bila malipo, na uripoti wastani pamoja na mtawanyiko wake.

Vipimo vinavyothibitisha ulinzi

Kipimo cha kwanza ni kiwango cha ufungiaji: sehemu ya polifenoli iliyo ndani ya nyuzi, si ile iliyobaki juu yake. Pima miligramu 20 za utando, zizungushe taratibu kwa dakika moja katika ethanoli tupu isiyo na maji, na upime polifenoli zilizotoka. Hizo ndizo za juu. Usitumie ethanoli ya asilimia 96 kwa hatua hii, kwa kuwa maji yaliyomo yanaweza kulainisha zeini, na usitumie maji, ambayo hufanya utando ujikunyate na kuwa ngozi. Kipande kingine cha uzito uleule kiyeyushe chote katika ethanoli ya asilimia 80 ili upate jumla.

Hapa ndipo utando usio na ziduo unapohitajika. Kitendanishi cha Folin-Ciocalteu hakitambui polifenoli peke yake. Hugeuka buluu pia kinapokutana na tirosini, amino asidi iliyomo ndani ya zeini. Ukiyeyusha utando wote na kuusoma moja kwa moja, utahesabu protini kama antioksidanti na kujipongeza bure. Yeyusha uzito uleule wa utando mtupu, usome kwa namna ileile, na uondoe kiasi hicho. Tuseme jumla baada ya kuondoa ni sawa na miligramu 0.36 za asidi galiki na za juu ni miligramu 0.036, tofauti ikigawanywa kwa jumla na kuzidishwa kwa 100 inatoa asilimia 90.

Kipimo cha pili ni uhifadhi. Weka utando katika vyombo vilivyofungwa, kando yake unga wa ziduo usiofungiwa wenye kiasi kilekile cha polifenoli, na mchanganyiko wa unga huo na zeini iliyosagwa tu bila kusokotwa. Sampuli hii ya tatu husahaulika mara nyingi, ilhali ndiyo pekee inayoonyesha kama kinacholinda ni uzi wenyewe au ni kuwepo kwa protini tu. Chombo chenye myeyusho wa chumvi ya mezani uliokolea hadi chumvi nyingine isiyeyuke hushikilia unyevu wa karibu asilimia 75 bila gharama. Kiweke ovenini katika nyuzi 40, na upime polifenoli na DPPH siku ya 0, 7, 14 na 28.

Kipimo cha tatu ni usagaji wa chakula katika chupa, kwa utaratibu wa INFOGEST uliokubaliwa kimataifa mwaka 2014 na kuboreshwa mwaka 2019: dakika mbili za hatua ya mdomo, saa mbili za hatua ya tumbo katika pH 3 pamoja na pepsini, na saa mbili za utumbo mwembamba katika pH 7 pamoja na pankreatini na nyongo, zote katika nyuzi 37. Chukua sampuli kila nusu saa, zipoze kwenye barafu mara moja, na uzipime pamoja na ziduo huru lililopita njia hiyohiyo. Angalia hasa hatua ya mwisho, kwa sababu katekini huru huharibika haraka katika pH 7. Tofauti kati ya mistari miwili ya grafu katika saa hizo mbili ndiyo thamani ya kazi yako yote, na ikiwa haipo, andika kwamba haipo.

Kabla mtu hajaonja

Utafiti wenyewe unahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi. Ukitaka watu waonje chakula kilichowekwa utando huu, hata kama ni wanafunzi wenzako waliojitolea, pata kwanza idhini ya kamati ya maadili ya chuo chako, na vifaa vyote vilivyogusa myeyusho viwe vya kazi ya chakula pekee, visivyowahi kutumika na vitendanishi vya maabara. Bidhaa ya kuuzwa hupitia KEBS, shirika la viwango la Kenya, na Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inakataza lebo inayopotosha. Kwa hiyo DPPH iliyofifia ndani ya kijichupa isigeuzwe kuwa dai la kutibu kisukari au saratani.

Utando usioliwa mara moja ukatwe vipande, ufungwe katika mifuko ya foili iliyotolewa hewa pamoja na silika jeli, na kila mfuko uandikwe tarehe ya kusokotwa, asilimia ya ziduo, kilovolti, umbali, joto na unyevu wa hewa wa siku ile.